Nani anaukagua mfuko wa mbegu?

Mwaka ule mnyauko ulipoingia kwenye migomba ya ukoo wetu kule Heru Juu, Kasulu, baba mdogo alimlaumu jirani, jirani akailaumu mvua, na wote wawili wakaendelea kuazimana panga. Lilikuwa panga zuri, kali, na katika msimu mmoja lilizunguka mashamba manne. Bwana shamba alipokuja hakuuliza nani kamroga nani. Alikata shina moja, akatuambia tusubiri. Dakika chache baadaye jeraha la mgomba likaanza kutoa usaha wa manjano. Akasema, "Bakteria ndio hao. Sasa nionyesheni panga."

Mnyauko wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, ukavuka kwenda Kagera miaka michache baadaye, kisha ukateremka mpaka huku kwetu. Hauna dawa ya kupuliza. Tulichojifunza, tena kwa hasara, ni kwamba bakteria hana miguu. Hubebwa na panga, na nyuki anayeruka kutoka ua hadi ua, na chipukizi ambalo shangazi amempa mkwewe kwa upendo mtupu. Ndiyo maana leo mkulima wa Kasulu hulipitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, na ua dume hulivunja kwa kijiti chenye panda asije akaligusa kwa chuma hata kidogo.

Nimeanza na migomba kwa sababu nataka kuzungumzia mwani wa Unguja, na najua msomaji wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, atauliza mwani unatuhusu nini, sisi tulio zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka baharini. Avumilie. Dada yangu mkubwa ameolewa Jambiani, na mwaka jana nilikwenda kumwona.

Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hutoka na kujaa kupita kawaida. Maji yametoka mbali, na wanawake walikuwa wametawanyika kwenye kina kifupi, kanga zimefungwa juu ya magoti, kila mmoja kwenye kamba zake. Dada akainua kamba moja kunionyesha. Mwani wa kotonii ukiwa mzima ni kitu cha kupendeza: mnene, unateleza, una matawi kama vidole vya mtoto aliyeshiba. Huu ulikuwa na manyoya. Nyuzi nyekundu zinazoelekea kahawia, fupi kuliko ukucha, zimeufunika kama ndevu za mtu aliyerudi safari. Baadhi ya ncha zilikuwa nyeupe kama mfupa, na ukizigusa zinakatika.

Mama mmoja wa kamba za jirani akaniona nashangaa. Akachuma tawi ambalo kwa macho yangu lilikuwa safi, akanipa. "Pitisha kidole, mwanangu." Nikapitisha. Vipele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nilipoliinua kwenye jua nikaona vidoa vyeusi, vidogo kama mavumbi. "Hapo bado hajaota. Bamvua ijayo utamwona na ndevu zake." Kisha akarudi kwenye kazi yake: anashika tawi, anang'oa manyoya kwa dole gumba na kidole cha shahada, anayasuuza majini, anayaachia. Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Yakayachukua yale manyoya taratibu, yakayapeleka kwenye kamba za mwenzake.

Nikaliona panga la baba mdogo.

Kilimo hiki si cha jana. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 mashamba ya biashara yakaanza Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Aina ni mbili. Spinosamu ni mvumilivu na bei yake ni ya kusikitisha. Kotonii ina bei nzuri na roho nyepesi. Zote hutoa karajinani, ule ute unaoishikanisha dawa ya meno na kuizuia aiskrimu isigeuke barafu ya kutafuna. Wakulima wengi ni wanawake, na kwa vijiji vya mashariki ya Unguja ndizo fedha za kwanza ambazo mama alizishika bila kumwomba mtu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa, sehemu moja baada ya nyingine. Wengi wamerudi kwenye spinosamu, wachache wamejaribu maji ya kina ambako kuna ubaridi kidogo, lakini huko mtu anahitaji chombo na kujua kuogelea.

Yale manyoya nayo ni mwani. Aina inayosumbua zaidi, Tanzania na huko Asia, kwa muda mrefu imeitwa Neosiphonia. Wanasayansi wameibadilisha jina kuwa Melanothamnus, kama kawaida yao ya kubadilisha jina pale unapokaribia kulizoea. Chembe ya uzazi wake hutua juu ya ngozi ya kotonii, huteremsha kizizi na kukipenyeza kati ya seli za juu. Hapo ndipo kipele kinapoinuka. Unyuzi huota, hunyonya mwanga na chakula, na kotonii hudumaa. Mpaka hapa kisa ni cha gugu na mazao, na mtu yeyote aliyelima mahindi atasema: palilia.

Tatizo ni kwamba ukikwangua unyuzi ule na kuuweka chini ya hadubini, utaukuta umevaa. Kutoka shinani hadi nchani umefunikwa na bakteria. Na mimi, mtoto wa ziwa, nilipoelezwa hilo sikushtuka sana.

Mtoto aliyekulia Kibirizi huujua utelezi kabla hajajua kusoma. Mawe ya Ziwa Tanganyika yana ngozi, ya kijani huku na kahawia kule, na ndani ya ngozi hiyo nyuzi za mwani na bakteria wamebanana kama abiria wa gari la Kasulu siku ya gulio. Hapo ndipo wanapopata riziki wale samaki wadogo wa rangi wanaosafirishwa Ulaya kupamba matangi ya vioo. Aitwaye Petrochromis ana meno kama kitana, kazi yake ni kulichana jiwe. Mwenzake Tropheus anang'ata nyuzi na kuvuta. Utelezi wetu haurefuki kwa sababu una mdomo juu yake kutwa. Jambiani mdomo wa namna hiyo ni wa samaki aitwaye tasi, ila tasi hana adabu ya Petrochromis: anakula manyoya na kotonii pamoja, kwa hiyo wakulima hawamtaki shambani.

Kwetu basi utelezi ni chakula, na hilo limetufundisha kutouita uchafu. Ni mtaa. Una wenyeji, wapangaji na madalali.

Neno dalali sikulichagua kwa mbwembwe. Mwaka 2002 watafiti wa Plymouth, Uingereza, walionyesha jambo ambalo mimi bado linaniduwaza. Bakteria huongea kwa kemikali; kila mmoja hutoa kiasi kidogo, na kemikali ikizidi wanajua kwamba wameshakuwa wengi, hivyo wanaweza kufanya pamoja mambo ambayo mmoja peke yake hathubutu. Ni kuhesabiana gizani. Watafiti wale waligundua kwamba chembe za uzazi za mwani wa kijani, Ulva, ambazo huogelea zikitafuta pa kutua, zinayasikia mazungumzo hayo na kuyafuata. Penye utando wa bakteria wanaoongea ndipo zinapotua. Kiwanja kimekwisha kupimwa, mnunuzi anaonyeshwa.

Na dalali huyu hakomei kwenye kiwanja. Ulva hao hao ndio wale majani mabichi kama karatasi ya nailoni unaowakuta kila pwani, na nao ni kero ya mashamba. Ukiwakuza bila bakteria hata mmoja, wanashindwa kuwa jani. Wanakuwa madonge ya seli yasiyo na umbo. Jambo hilo liliandikwa mwaka 1980. Mwaka 2005 Wajapani wakaitambua kemikali moja inayotengenezwa na bakteria wa baharini, wakaiita talusini; tone dogo mno la kemikali hiyo linaamsha umbo. Kwa hiyo gugu lenyewe tunaloling'oa limefinyangwa na wapangaji wake. Ukiniuliza wapi linaishia gugu na wapi anaanzia bakteria, nitakujibu kwamba swali limekosewa.

Kuna kero nyingine ambayo hata mpaka huo haina. Wakulima husumbuliwa pia na nyuzi nyeusi au za kijani kibichi zinazowasha ngozi. Baadhi ya hizo huitwa mwani kwa mazoea tu, kumbe ni bakteria wenyewe, wale wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mmoja wao, ambaye kwa miaka mingi aliitwa Lyngbya, alijulikana kwa kuwawasha waogeleaji wa Hawaii mwaka 1958. Mama anayerudi nyumbani akijikuna mapaja hana haja ya kufundishwa kwamba bakteria wapo.

Turudi kwenye zile ncha nyeupe. Ugonjwa wenyewe huitwa ais-ais, jina lililozaliwa Ufilipino miaka ya 1970 kwa sababu tawi huwa jeupe kama barafu. Mwaka 1995 mtafiti Danilo Largo na wenzake walihesabu bakteria kwenye matawi yaliyougua wakawakuta mara 10 hadi 100 ya wale walio kwenye matawi mazima. Wawili kati yao, mmoja wa ukoo wa Vibrio na mwingine wa ukoo wa Cytophaga, walipowekwa kwenye mwani waliweza kuuleta weupe ule. Lakini, na hapa ndipo ningependa wanaosaka mchawi mmoja wasimame, walifaulu zaidi pale mwani ulipokuwa umechoka tayari: chumvi imepungua, mwanga haba. Joto la nyuzi 33 na kuendelea nalo linaweza kuuchosha vivyo hivyo. Mwani wenye afya unaishi na bakteria hao hao kila siku bila ugomvi.

Sasa unganisha. Unyuzi umepasua ngozi ya kotonii kwa kizizi chake. Unyuzi umevaa bakteria, na miongoni mwao wamo wanaojua kula karajinani. Maji ya saa nane mchana kwenye kina cha magoti yamepata moto. Manyoya yale ni mwizi aliyevunja dirisha, na nyuma yake wapo wengine ambao wasingeweza kulivunja wenyewe.

Kula karajinani si maneno ya kunogesha. Maabara ya hospitali huotesha vijidudu juu ya ute uitwao aga, unaotoka kwenye mwani mwekundu, ndugu wa kotonii. Wazo lilikuwa la mama mmoja, Fanny Hesse, aliyekuwa akigandisha jeli jikoni kwa aga. Mwaka 1881 alimshauri mumewe, aliyekuwa akifanya kazi kwa Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza vijidudu vya magonjwa, na tangu hapo dunia nzima inasoma magonjwa juu ya sahani ya mwani. Bakteria wengi hukaa juu ya ute huo kama uji uliodondokea meza. Walaji wa mwani hawakai. Wanazama. Siku ya pili au ya tatu unakuta kila kundi limejichimbia kishimo, limeila sahani yake. Fundi wa maabara aliyezoea makohozi na vinyesi anaweza kudhani ameharibu kazi.

Mimi nilifanya jaribio la kijinga kuliko hilo. Nilitaka kuja kuwaonyesha wanafunzi wa jirani yangu mwani wenye manyoya, nikatia matawi mawili kwenye chupa ya soda yenye maji ya bahari, nikafunga kizibo barabara, nikapanda treni. Hadi Morogoro ilikuwa chupa ya kupendeza. Dodoma maji yakawa na ukungu. Tulipofika Tabora, pale mabehewa yanapokatwa na kila mtu anajua tutakaa, mzee wa kiti cha mbele akauliza kwa upole nani amebeba samaki aliyeoza. Ndani ya chupa kulikuwa na rojo la waridi. Kizibo kilipofunguka nikakosa marafiki hadi Uvinza. Bahari nzima huwazuia bakteria hao kwa hewa, kwa baridi, kwa kupishana maji. Mimi niliwapa chupa na joto la behewa, wakamaliza kazi kwa siku mbili.

Huyo Vibrio wa Largo ana ndugu ambaye Kigoma haihitaji kutambulishwa. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kipande cha ufukwe kati ya mlima na ziwa, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini kwa zamu. Kipindupindu kikawakuta pale. Kidudu chake ni Vibrio cholerae. Simaanishi kwamba mwani unaleta kipindupindu. Mtu asije akaacha kununua mwani kwa sababu yangu. Namaanisha ukoo huo una tabia moja: unapenda kudandia. Vibrio wa kipindupindu hung'ang'ania vijidudu vidogo vinavyoelea majini, na kwa sababu hiyo vijiji vya Bangladeshi vilivyofundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa vilipunguza wagonjwa kwa karibu nusu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2003. Sari haiwezi kumzuia bakteria, tundu zake ni kubwa kwake kama mlango wa godauni. Inachozuia ni usafiri wake.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Katika habari zote tatu, mgomba, maji ya kunywa na mwani, sikuona mahali ambapo mtu alishinda kwa kumfukuza bakteria. Waliofanikiwa waliuliza amepanda nini. Na swali hilo kwa mwani wetu linaulizwa kidogo mno. Mazungumzo yetu ya mwani ni bei, viwanda, uchumi wa buluu, mabadiliko ya tabianchi. Yote ya haki. Lakini nimewasikia wataalamu wakimwambia mkulima "safisha shamba lako" bila kumalizia sentensi: usafishe, halafu uchafu uupeleke wapi?

China wana jibu la gharama. Juni 2008, wiki chache kabla ya mashua za Olimpiki kushindana Qingdao, bahari iligeuka malisho. Ulva iliifunika, na maelfu ya askari na watu wa kujitolea wakaopoa zaidi ya tani 1,000,000. Uchunguzi ulirudi nyuma na mkondo hadi pwani ya Jiangsu, kwenye chanja za mwani wa nori. Ulva huota kwenye kamba na miti ya chanja hizo. Msimu ukiisha wakulima huikwangua ili wapate kuzihifadhi kamba zao, na mabaki huachwa majini. Kila mkulima alikuwa amesafisha shamba lake. Tangu wakati huo kijani hicho hurudi kiangazi baada ya kiangazi.

Watu wa nori wana pia njia ya tindikali. Japani na Korea nyavu za nori huinuliwa kutoka majini na kuchovywa kwenye maji ya tindikali, ambayo gugu na baadhi ya vijidudu haviyawezi na nori inayastahimili kwa muda mfupi. Nimeulizwa kama tusingeweza kuiga. Na nani, kwa mashine gani? Kamba za Jambiani zimefungwa kwenye vigingi vilivyopigwa mchangani na anayezihudumia amekuja kwa miguu. Halafu, kuua ovyo kuna hasara yake. Kuna mwani mwekundu huko Australia, Delisea, unaotengeneza kemikali ya kuwavuruga bakteria mazungumzo yao wasielewane. Maji yakipata joto kemikali hupungua na mwani hupauka kwa maradhi. Na wapo bakteria wanaoishi juu ya mwani wakiulinda, wakiwazuia wageni kutua. Mtaa ukishauchoma moto wote, huwezi kujua atakayerudi kujenga wa kwanza.

Naisikia hoja ya joto, na siipingi. Bahari imepata moto na kotonii ilizoea maji ya Ufilipino ya wakati ule. Ila joto lina sifa ya kuwapa maofisa pumzi: likitajwa, kila mtu anatazama mbinguni na kikao kinafungwa. Mbegu na takataka ni mambo ya mikono yetu.

Mbegu hasa. Kotonii haipandwi kwa punje. Mkulima anakata vipande kutoka mwani wa mavuno, anavifunga kwenye kamba, anasubiri kama wiki sita, anakata tena. Ndivyo ilivyo tangu 1989, kipande cha kipande cha kipande. Mgomba vilevile: chipukizi la mama, mama ni chipukizi la bibi, na ukoo mzima ni mtu mmoja aliyejirudia. Kinachomlaza mmoja kinawalaza wote. Shamba la kotonii likifa, mkulima hutafuta mbegu kijiji cha pili, au Pemba, au kwa mnunuzi anayetoa kamba na mbegu kwa makubaliano ya kuuziwa yeye. Mbegu inakuja kwenye mfuko, imelowa, na kila kilichokuwa juu yake kimekuja nayo. Vile vidoa vyeusi alivyonionyesha yule mama kwa kidole havionekani na mtu aliye na haraka.

Sasa tazama ofisini. Bara ilitunga Sheria ya Afya ya Mimea mwaka 2020, na chipukizi la mgomba lina watu wanaolijua kazini kwao. Mwani uko kwenye jalada la uvuvi, na Zanzibar uko chini ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, ambayo ina madau na pweza wa kufikiria. Sina ugomvi na mpangilio huo, wanabiolojia wenyewe watakwambia mwani mwekundu si mmea wa kawaida. Ila mtu wa samaki akiuona mfuko wa mbegu anaona bidhaa ya bahari, na mtu wa mimea haumfikii. Kinachohitajika si kikubwa. Mbegu itengwe siku kadhaa mahali pamoja kabla ya kugawiwa. Mtu apitishe kidole. Mfuko uandikwe umetoka wapi na lini, kama tunavyoandika gunia la mbegu ya mahindi. Na kila kijiji kiwe na mahali pa nchi kavu pa kumwaga manyoya, juu ya mstari wa maji ya bamvua, yakauke kwa jua.

Hapo kwenye kumwaga ndipo mimi na dada tuligombana kidogo. Nilimwambia yabebeni mpaka ufukweni. Akaniuliza kama nimewahi kuburuta gunia la mwani mbichi nusu kilomita maji yakija nyuma, halafu nirudi kwa gunia la pili ambalo halina mnunuzi. Ana haki. Mwani hununuliwa kwa kilo ukiwa mkavu, na kilo ya manyoya yaliyotolewa baharini kwa faida ya jirani haina bei. Kule Kasulu mkulima alikubali kuchoma panga kwa sababu mgomba unaookolewa ni wake mwenyewe. Jambiani mkondo unampelekea mwenzako faida ya kazi yako, na hasara ya uvivu wako pia. Kwa hiyo mzigo huo siwezi kuutupa mgongoni kwa akina mama na kuita elimu. Aulipie mnunuzi, ambaye karajinani dhaifu inamharibia mzigo mzima, ama uongozi wa kijiji uweke mkokoteni na ujira wa kijana mmoja kila bamvua. Mkokoteni na kijana. Semina moja ya hotelini inagharimu zaidi ya hapo.

Juzi dada alinipigia. Kotonii yake imekwisha, amepata mbegu mpya kutoka upande wa kaskazini, mfuko umeletwa na kijana wa bodaboda. Nikamwuliza kama alipitisha kidole. Alipitisha. Na? Kuna vipele kwenye tawi moja moja, lakini ameshazifunga, maji yalikuwa yanajaa. Nikamwuliza kama alimwuliza kijana mbegu imetoka shamba la nani.

"Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Kasema imetoka baharini."